Majani machanga yanatoka njano kwenye akuaponiki yangu, je niongeze mbolea?

SWALI: "Habari mtaalamu. Nipo Arusha, nina mfumo mdogo wa akuaponiki (samaki na mboga kwa maji yaleyale) nyuma ya nyumba, una miezi saba sasa. Tangi la samaki ni la saruji, maji yote kwenye mfumo ni kama lita 3000, sato wapo 90 hivi, vitanda vya kokoto jumla mita za mraba 6, nimepanda chainizi, spinachi na nyanya. Maji natoa kisima kirefu. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze majani machanga ya chainizi na spinachi yanatoka njano ila mishipa inabaki ya kijani, mengine yanakaribia kuwa meupe kabisa. Nyanya majani ya chini yanaungua pembeni na matunda kadhaa yameoza kitako. Nimepima kwa vile vipimo vya matone: pH 8.1, amonia kidogo sana, naitreti 80, KH ya maji ya kisima 16. Nimeweka chumvi ya Epsom nusu kilo, nimetumbukiza misumari yenye kutu, nimeongeza chakula cha samaki kutoka gramu 250 mpaka 400 kwa siku, na kila wiki nabadilisha theluthi ya maji ili yawe safi. Hali ni ileile. Jirani ananiambia niweke urea au DAP kidogo. Je niweke? Na hizo mboga za njano zinaliwa?"

JIBU: Urea usiweke, na DAP usiweke, hilo nalijibu kwanza kabisa kabla hujafungua mfuko. Gramu 100 tu za urea, yani viganja viwili vitatu, zina gramu 46 za naitrojeni, na kwenye lita zako 3000 hiyo ni kama miligramu 15 kwa lita ambayo ndani ya siku chache inageuka amonia. Kwa pH yako (kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati na chini yake ni asidi) ya 8.1 samaki hawawezi kukaa na kiasi hicho, utaamka asubuhi unawaokota wanaelea. DAP nayo naitrojeni yake ni ya aina ya amonia moja kwa moja, haina hata haja ya kugeuka. CAN nusu yake ni hivohivo. Hizi mbolea ni nzuri sana shambani kwenye udongo, ila mfumo wako una viumbe vinavyopumua ndani ya hayohayo maji.

Alafu naitrojeni yenyewe hujapungukiwa. Naitreti 80 ni nyingi ya kutosha kwa mboga za majani, mifumo mingi inayokwenda vizuri ina chini ya hapo. Kwa hiyo hata kama urea isingekuwa na madhara kwa samaki bado ingekuwa dawa ya ugonjwa ambao huna.

Mboga zinaliwa, usiwe na wasiwasi, jani la njano la namna hiyo halina sumu, limekosa tu ukijani wake. Sokoni ndo litakusumbua bei.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Umenipa maelezo mazuri mno, wengi wananiandikia "mboga zangu zina njano" basi, wewe umesema njano ipo majani yapi na mishipa ikoje, na hapo ndo jibu lilipo. Kabla ya kuangalia rangi angalia umri wa jani. Kuna madini ambayo mmea unaweza kuyahamisha kutoka jani moja kwenda lingine, nayo ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Haya yakipungua mmea unafanya kama nyumba yenye chakula kidogo, wakubwa wanaacha ili watoto wale, kwa hiyo majani ya chini ndo yanaumia kwanza na ya juu yanaendelea kupendeza. Kuna mengine yakishaingia kwenye jani hayatoki tena, chuma, kalsiamu, manganizi, boroni, zinki kwa sehemu kubwa, na haya yakikosekana jani linaloumia ni lile linalozaliwa leo.

Chainizi na spinachi zako zinaumia juu, kwenye majani machanga, mishipa kijani katikati njano, yakizidi yanakuwa meupe. Hiyo ni chuma. Manganizi inafanana nayo kidogo ila yenyewe mara nyingi inakuja na vidoa vidoa vya kukauka na haifiki weupe ule. Nyanya wewe unasema zinaumia chini na pembeni ya jani, hiyo ni tofauti kabisa, hiyo inaelekea potasiamu. Na kitako kuoza ni kalsiamu haikufika kwenye tunda. Kwa hiyo una mambo matatu kwa wakati mmoja, na ndo maana chumvi ya Epsom haikusaidia, ile inaleta magnesiamu na salfa tu. Upungufu wa magnesiamu nao unaleta njano katikati ya mishipa, ila kwenye majani ya zamani. Watu wengi wanaona "njano katikati ya mishipa" wanakimbilia Epsom bila kuuliza jani ni la juu au la chini. Nusu kilo uliyoweka haijaharibu kitu, ni kama miligramu 16 za magnesiamu kwa lita, ila usiongeze tena, magnesiamu ikizidi inashindana na kalsiamu na potasiamu mlangoni kwa mizizi na hizo mbili ndo unazililia.

Misumari nayo itoe. Wazo nalielewa, kutu ni chuma, mmea unataka chuma. Shida ni kwamba kutu haiyeyuki kwenye maji yenye pH 8, itakaa humo mwaka mzima na mmea usipate kitu. Na kama kuna misumari ya bati iliyopakwa zinki imechanganyika humo ndo mbaya zaidi maana zinki kwa samaki ni sumu hata ikiwa kidogo, sawa na shaba.

Hapo ndo tunafika kwenye kiini. Chuma kwenye mfumo wako kinaweza kuwa kipo au kinaingia kidogo kidogo kwenye chakula cha samaki, ila kwa pH ya 8.1 kinaganda, kinageuka vumbi linalozama chini, na mzizi wa mboga haunywi vumbi. Kadri pH inavyopanda juu ya 7 chuma kinachobaki kimeyeyuka kinapungua haraka sana, na manganizi, zinki, shaba na fosforasi nazo zinafuata njia hiyohiyo. Ongeza na baridi ya Arusha ya mwezi wa sita mpaka wa nane, mizizi ikiwa kwenye maji baridi uwezo wake wa kuvuta chuma unashuka, kwa hiyo tatizo ambalo lilikuwepo kimyakimya tangu mwanzo limejitokeza baridi ilipoanza. Kama hujawahi kupima joto la maji yako nunua kipimajoto, cha bei ndogo kinatosha.

Sasa kwa nini pH yako ni 8.1 baada ya miezi saba? Hili swali lilinifanya nisome barua yako mara ya pili. Mfumo wa akuaponiki kwa kawaida unashuka pH wenyewe. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa naitraiti na baadae naitreti wanatoa asidi, na kila gramu moja ya naitrojeni inayogeuzwa inakula kama gramu 7 za alikaliniti, yani ule uwezo wa maji kuzuia asidi, ndo hiyo KH uliyopima. Wenye mifumo iliyokomaa kilio chao ni kwamba pH inaporomoka mpaka 6 na chini ya hapo, wanahangaika kuipandisha. Wewe miezi saba upo 8.1. Kuna kitu kinairudisha juu kila siku.

Tupige hesabu kidogo. Ulikuwa unalisha gramu 250, tuchukue chakula chenye protini asilimia 30, hiyo ni gramu 75 za protini, na ndani yake kuna naitrojeni gramu 12. Karibu nusu yake inaishia kuwa amonia inayogeuzwa, tuseme gramu 6, mara 7 ni gramu 42 za alikaliniti zinaliwa kwa siku, kwa wiki ni karibu 300. Upande wa pili, KH 16 ukizidisha kwa 17.9 unapata kama miligramu 286 kwa lita. Kila wiki unatoa theluthi ya maji, lita 1000, unaingiza mapya lita 1000 ya kisima, yanakuja na gramu 286 za alikaliniti. Umeona? Kile ambacho bakteria wamekula wiki nzima wewe unakirudisha siku moja. Na mimea yenyewe inapovuta naitreti inarudisha kidogo pia, kwa hiyo pH haina sababu ya kushuka hata siku moja.

Na wakati huohuo unapomwaga ile lita 1000 unamwaga theluthi ya potasiamu iliyokuwa imejikusanya, na potasiamu kwenye chakula cha samaki ni kidogo tangu mwanzo kwa sababu samaki haihitaji kwa wingi, mmea ndo unaihitaji. Nyanya ikianza kubeba matunda inakula potasiamu kuliko mboga yoyote hapo kitandani. Ndo hayo majani ya chini kuungua pembeni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kubadilisha maji kila wiki. Najua linatisha, umefundishwa maji safi ni afya ya samaki, na kwenye bwawa la kawaida ni kweli. Kwenye akuaponiki mimea na bakteria ndo wanaosafisha, na amonia yako ni kidogo sana, hiyo ni ishara kwamba bakteria wanafanya kazi. Ongeza maji yaliyopotea tu, kwa mvuke na kwa mimea kunywa, kwa kawaida ni asilimia 1 mpaka 3 ya maji yote kwa siku. Kama kuna matope yanajikusanya chini ya tangi vuta hayo tu na mpira. Siku amonia au naitraiti ikipanda ghafla hapo badilisha maji bila kusita, hiyo ni dharura, ila isiwe ratiba.

Kuna ugumu mmoja hapa na sitaki kukuficha. Maji ya visima vingi vya miteremko ya Meru na Kilimanjaro yanatoka kwenye miamba ya volkano, yana sodiamu na baikaboneti nyingi, na floraidi. Ndo maana watu wa huko wengi meno yana rangi ya kahawia. Maji ya namna hii yana tabia moja inayowachanganya watu, KH yake ni kubwa ila kalsiamu ni ndogo. Mtu anapima KH 16 anasema maji yangu ni magumu, kalsiamu ninayo ya kumwaga, kumbe hana. Tena floraidi inakuwa nyingi kwa sababu hiyohiyo, kalsiamu ingekuwepo ingeishika floraidi na kuizamisha. Kwa hiyo nyanya zako kuoza kitako kuna uwezekano mkubwa ni kalsiamu ndogo kweli kwenye maji. Na sodiamu nayo mimea haili, ukiacha kubadilisha maji na ukaendelea kujazia maji ya kisima tu sodiamu itapanda mwezi hadi mwezi mpaka mimea ianze kudumaa.

Jibu la hilo ni maji ya mvua. Kama una paa la bati weka mfereji na simtanki, maji ya mvua hayana alikaliniti ya maana wala sodiamu, ukijazia nusu kwa nusu na ya kisima umeshapunguza tatizo nusu, ukijazia mvua tupu pH itashuka yenyewe ndani ya wiki chache, na safari hii bakteria wanakufanyia kazi badala ya kushindana na wewe. Mvua za kwanza za kuosha paa ziache zipite. Najua sasa hivi ni kiangazi na vuli bado, kama jirani au taasisi ina tangi la mvua omba au nunua, hata lita 500 zina maana kwa mfumo wa lita 3000. Kwangu mimi hili linashinda dawa zote ninazokwenda kuzitaja.

Kama mvua haipatikani kabisa kuna asidi, ila hapa nenda taratibu. Asidi haiwekwi kwenye tangi la samaki, inawekwa kwenye maji ya kujazia, kwenye pipa lake, yapigwe hewa siku nzima, upime tena kabla ya kuyaingiza, kwa sababu baada ya kuweka asidi pH inashuka haraka halafu inapanda tena hewa ya ukaa ikitoka. Jaribu kwanza kwenye ndoo ya lita 20, mililita moja moja, uandike. Mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi, vaa glavu na miwani. Asidi ya fosforasi wengi wanaipenda kwa sababu ni salama kidogo kushika ila kwa KH 16 ungehitaji nyingi mno, fosforasi ingejaa kupita kiasi na kuanza kuzamisha hiyo kalsiamu kidogo uliyonayo. Maji ya betri usitumie, hayakutengenezwa kwa ajili ya chakula na hujui yamebeba nini. Limao na siki navyo hapana, asidi yake inawapiga bakteria na baadae inaoza yenyewe pH inarudi palepale.

Kabla hujafanya yote hayo kagua kokoto na tangi. Chukua kokoto chache, zioshe, zikaushe, zimwagie siki. Zikitoa povu zina chokaa ndani na zitaendelea kupandisha pH yako hata ukijazia maji ya mbinguni. Dawa yake ni kuzibadilisha, kokoto za volkano zile nyepesi zenye matundu, hapo Arusha unazipata kirahisi, ni nzuri sana na bakteria wanazipenda. Tangi la saruji nalo kama halikupakwa rangi ya kuzuia maji ile isiyo na sumu linatoa chokaa, hasa likiwa jipya. Linapungua na muda, ila kama kokoto ni safi na umeacha kubadilisha maji na bado pH haishuki, tangi ndo litakuwa mtuhumiwa wa mwisho, itabidi ulipumzishe ulipake.

Haya yote yanachukua wiki. Mboga zako haziwezi kusubiri wiki zote hizo kwa hiyo sasa hivi wape chuma kinachofaa. Nenda duka la pembejeo linalohudumia wenye green house, ulizia chuma cha kileti, yani chuma kilichofungwa kwenye kiini kinachokizuia kuganda. Zipo aina tatu na muuzaji anaweza asijue tofauti, soma pakiti mwenyewe. EDTA ni rahisi ila inashindwa pH ikivuka 6.5 hivi, kwako ni hela ya bure. DTPA inafika mpaka karibu 7.5. EDDHA inavumilia mpaka 9, hiyo ndo ya kwako kwa leo. Inageuza maji kuwa mekundu kama chai ya rangi, samaki haiwadhuru, ila vipimo vyako vya matone vinaweza kukudanganya siku hizo kwa sababu unasoma rangi, kwa hiyo pima kila kitu kabla hujaiweka.

Kiasi: lenga miligramu 2 za chuma kwa lita. Lita 3000 ni gramu 6 za chuma halisi. Pakiti nyingi za EDDHA zimeandikwa chuma asilimia 6, kwa hiyo gramu 100 za unga. Pima na mzani, usikadirie kwa kijiko. Yeyusha kwenye ndoo, mwaga polepole pale maji yanapotoka kwenda kwenye vitanda, jioni jioni, jua linaharibu kileti. Rudia baada ya wiki tatu. Hii ya wiki tatu siyo ya kwangu, James Rakocy na wenzake wa chuo kikuu cha Virgin Islands kule St. Croix waliendesha mfumo wa sato na mboga kwa miaka mingi na ndivyo walivyokuwa wanafanya, miligramu 2 kila wiki tatu, wakitumia DTPA kwa sababu wao pH yao waliishikilia karibu na 7. Ukifika huko na wewe hamia DTPA, ya asilimia 11 utahitaji gramu 55 tu.

Majani yaliyokwisha kuwa meupe usiyaangalie tena, mengi hayatarudi kijani. Angalia yale yatakayozaliwa baada ya dawa, ndani ya wiki moja mpaka mbili yanatakiwa yatoke kijani. Yakitoka njano tena niandikie, maana hapo itakuwa siyo chuma peke yake.

Potasiamu: ulizia salfeti ya potasiamu ile inayoyeyuka yote. Gramu 140 hivi zinaongeza miligramu 20 za potasiamu kwa lita kwenye mfumo wako, gawa kwa siku mbili tatu, kisha subiri wiki mbili uone majani mapya ya katikati ya nyanya yanabaki mazima pembeni au la. Watu watakuambia maganda ya ndizi yana potasiamu, ni kweli yanayo, ila ukiyatupa humo yanaoza na kula hewa ya samaki. Majivu nayo yana potasiamu na kalsiamu lakini yanapandisha pH, kwako leo ni marufuku, ila hifadhi hilo wazo la kupandisha pH, nitalirudia.

Kalsiamu: tumia jasi ya kilimo, haipandishi pH. Nusu kilo kwa lita 3000 inaongeza karibu miligramu 40 kwa lita, weka kwenye mfuko wa kitambaa pale maji yanapopita iyeyuke polepole. Siyo jasi ya dari tafadhali, ile ina vitu vingine vya kugandisha. Maganda ya mayai hayatayeyuka kwa pH hii. Na ujue kitako kuoza hakuletwi na maji tu, kalsiamu inasafiri na maji ambayo mmea unavuta, kwa hiyo pampu ikizimika masaa kadhaa mchana umeme ukikatika, au hewa ikiwa na unyevu mwingi siku nzima, tunda linakosa hata kama kalsiamu ipo. Matunda yaliyooza yatoe, hayaponi.

Chakula cha samaki rudisha gramu 250. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa 2014 unasema gramu 40 mpaka 50 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, 50 mpaka 80 kwa mboga za matunda. Wewe 250 kwa mita 6 ni kama 42, ipo sawa kabisa. Baridi hii sato hawali vizuri, maji yakishuka karibu na nyuzi 20 wanakaribia kuacha, kwa hiyo hizo 150 ulizoongeza nyingi zinaoza chini. Na kumbuka sumu ya amonia inategemea pH, kwenye nyuzi 25 na pH 7 sehemu yenye sumu ni kama asilimia 0.6 tu ya amonia yote, kwa pH 8 inavuka asilimia 5. Yani amonia ileile inakuwa kali karibu mara tisa. Lisha kile wanachomaliza ndani ya dakika 15 hivi, kinachobaki kitoe. Joto likirudi ndo upandishe taratibu.

pH ikianza kushuka usifurahi ukasahau. Lengo ni kati ya 6.5 na 7, hapo samaki, bakteria na mimea wanaelewana. Pima mara mbili kwa wiki, ikigusa 6.6 anza kuipandisha kidogo kidogo kwa kupokezana, leo baikaboneti ya potasiamu, wiki ijayo chokaa iliyozimwa, kijiko kimoja kimeyeyushwa kwenye ndoo, usubiri, upime. Hapo ndo majivu yaliyochujwa yanapata nafasi yake kama huna kingine. Kwa njia hiyo pH, potasiamu na kalsiamu unavishughulikia kwa mkono mmoja, na Rakocy alifanya karibu hivyohivyo kwa haidroksidi za kalsiamu (ndo hiyo chokaa iliyozimwa) na potasiamu, ila ile ya potasiamu ni kali kushika, kwa nyumbani siipendekezi. Ikishuka chini ya 6 bakteria wanalala na amonia inaanza kujikusanya.

Kabla ya kununua chochote, leo jioni, fanya mambo mawili. Geuza majani uangalie chini yake. Utitiri mwekundu, inzi weupe na vithiripi wananyonya na kuacha njano inayofanana na njaa ya madini, tofauti ni kwamba wao wanaacha vidoti vidoti na utando au unga, na nyanya majani yakijikunja kwenda juu na mmea ukadumaa hiyo ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe, haina mbolea itakayoponya, ng'oa. Na usipulizie dawa za wadudu kwenye mfumo huu, zile za kundi la pairethroidi hata matone yanaua samaki. Pili, ng'oa mche mmoja mgonjwa uangalie mizizi. Ikiwa myeupe ni mizima. Ikiwa ya kahawia, inateleza na inanuka, mizizi inakosa hewa au inaoza, na mzizi uliooza hauvuti chuma hata ukiweka kilo, hapo kwanza ongeza hewa na safisha tope kwenye vitanda.

Kuna hali ambazo ushauri wa maandishi hautoshi. Samaki wakianza kupanda juu kuvuta hewa asubuhi, wakikataa chakula ghafla, au wakifa zaidi ya mmoja mmoja, mtafute afisa uvuvi wa halmashauri siku hiyohiyo, usisubiri nijibu. Kama baada ya wiki tatu za chuma sahihi majani mapya bado ni ya njano peleka mmea mzima pamoja na mizizi kwa watu wa TARI Tengeru, taasisi ya utafiti wa kilimo, hapo hapo kwenu, wao kazi yao ni mboga na matunda, wauone kwa macho. Na maji yapimwe maabara mara moja tu, ni gharama ila inakuondolea kubahatisha kwa miaka. Peleka chupa mbili safi zilizojazwa mpaka juu, moja ya kisima na moja ya mfumo, uziandike usije ukazichanganya, omba wapime kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, sodiamu, baikaboneti, floraidi na boroni. Ile ya mfumo ichote kabla hujaweka chuma. Na kama kisima hicho ndo mnachokunywa nyumbani, majibu ya floraidi yasome kwanza kabla ya hayo mengine, kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi hapo watoto watafutiwe maji mengine ya kunywa.